Makumbi ya Nazi Yaweza Kunasa Sumu ya Maji Taka

Mama mmoja wa hapa Majengo aliniletea mwanawe, kisha akauliza: "Daktari, huu mchicha wanaunyweshea maji ya mtaro. Nikiuchemsha sana, sumu si itakwisha?"

Jawabu ni hapana. Moto huua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Lakini risasi na kadimiamu ni metali: haziozi wala haziishi kwa kuchemshwa. Mmea huzinyonya kwa mizizi, nasi tukazila. Huko Japani, wakulima wa bonde la mto Jinzu walinyweshea mpunga maji yaliyochafuliwa na mgodi. Kadimiamu iliharibu figo zao, mifupa ikalainika na kuvunjika. Ugonjwa ukaitwa "itai-itai", yaani "yauma, yauma". Serikali yao ilikiri chanzo chake mwaka 1968.

Sisi nasi tuna mfano wetu. Huko Owino Uhuru, karibu na Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatilia wakazi sumu ya risasi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliwarudishia wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni. Lakini risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na fidia haiuponyi.

Je, maji yaweza kusafishwa kwa bei nafuu kabla hayajafika shambani? Watafiti wamejaribu takataka za mimea: makumbi ya nazi, maganda ya ndizi, makapi ya mpunga. Takataka hizi zina chembechembe zenye chaji hasi, na metali iliyoyeyuka majini ina chaji chanya. Hivyo huvutana na kushikana. Makumbi huoshwa, hukaushwa na kusagwa, kisha maji hupitishwa humo polepole. Maji yenye asidi nyingi hayasafiki vizuri.

Lakini tahadhari. Chujio hili hujaa, na likijaa hupitisha sumu. Macho hayatambui, lazima maji yapimwe maabarani. Makumbi yaliyotumika yasichomwe jikoni wala kutiwa shambani kama mbolea. Na maji hayo si ya kunywa.

Kwa sasa, msomaji, osha mboga uondoe vumbi, lakini kilicho ndani hakitoki. Muulize muuzaji mboga zilikotoka. Ikiwa mtoto wako anaishi karibu na wanapoyeyusha betri, mpeleke akapimwe damu. Kinga ni bora kuliko tiba.