Kidonge cha Magoti kwenye Maji ya Vifaranga

Mpasue kifaranga aliyekufa kwa diklofenaki, utadhani kuna mtu kammwagia chokaa tumboni. Moyo umefunikwa utando mweupe, ini vilevile, figo zimevimba na kupauka. Hilo ni jongo la ndani, na weupe huo ni asidi ya yuriki iliyokosa pa kutokea.

Kuku hakojoi kama ng'ombe. Taka zinazobaki mwilini baada ya kutumia protini hutoka kupitia figo zikiwa ule weupe tunaouona kwenye kinyesi. Diklofenaki, dawa ambayo wazee wetu humeza kutuliza magoti, huziharibu figo hizo. Asidi hurundikana kwenye damu, kisha hugandia kwenye viungo.

Huko Asia Kusini somo hili lilikuja kwa gharama kubwa. Tumbusi walikula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa dawa hiyo, wakafa kwa wingi hadi baadhi ya spishi zikapungua kwa zaidi ya asilimia 95. Mwaka 2004 watafiti nchini Pakistan walithibitisha chanzo, na mwaka 2006 India, Pakistan na Nepal zikapiga marufuku diklofenaki ya mifugo. Kuku walipojaribiwa, walikufa kwa dalili zilezile, ingawa wao huhimili kiasi kikubwa kuliko tumbusi.

Kuhimili huko kusimpe mfugaji kiburi. Kidonge cha miligramu 50 kimepimwa kwa mtu mzima. Kifaranga wa siku moja ana gramu 40 hivi. Ukikisaga ndani ya ndoo ya maji ya vifaranga, nani atajua yupi amekunywa kiasi gani? Tena vifaranga waliojikunyata mara nyingi wana baridi, koksidia au mdondo, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotibiwa kwa dawa ya maumivu.

Ila tusiisingizie dawa kila tuonapo chokaa hiyo. Kiu huleta jongo. Chakula cha kuku wa mayai, chenye kalsiamu nyingi, nacho hulileta kikilishwa vifaranga. Na zipo aina za virusi vya bronkaitisi zinazoshambulia figo. Kwa macho tu huwezi kutofautisha.

Kwa hiyo vifaranga wakianza kufa, kagua kwanza vyombo vya maji na joto la banda. Kisha mpelekee daktari wa mifugo kifaranga aliyekufa siku hiyohiyo, pamoja na pakiti ya kila ulichowapa, hata kama ni kidonge cha bibi.