Fungu, Trei na Mstari: Mtoto Anavyotoka Kwenye Kujumlisha na Kuingia Kwenye Kuzidisha

Muulize mtoto wa Gredi ya 3 sita mara nne ni ngapi, naye mara nyingi atakujibu ishirini na nne kabla hujamaliza kuuliza. Kisha mpe vifuniko vya soda umwambie akuonyeshe hiyo sita mara nne. Kuna watakaovipanga vizuri. Kuna pia watakaohesabu vifuniko sita wakaviweka upande mmoja, wakahesabu vinne wakaviweka upande wa pili, kisha wakakutazama. Jibu wanalo, ila hawajui ni jibu la swali gani.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini Kenya mwaka 2019, haukukusudia hivyo. Unataka mtoto wa Gredi ya 2 kwanza ajumlishe namba ileile mara kadhaa, ndipo aonyeshwe alama ya × kama njia fupi ya kuandika alichokifanya. Unataka pia masomo ya madarasa hayo ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo, ambayo katika vijiji vingi vya Bungoma ni Lubukusu, na karibu na mji ni Kiswahili. Kwa hiyo mwalimu wa Kanduyi ana ruhusa kamili ya kulipeleka somo hili sokoni.

Na sokoni kuzidisha kumejaa tele. Mama anayeuza nyanya karibu na makutano ya Kanduyi, pale barabara ya Webuye kwenda Malaba inapokutana na ile ya kuingia Bungoma mjini, hahitaji mizani. Huzipanga mafungu, tano tano. Mnunuzi wa mafungu matatu amechukua 5 + 5 + 5. Mtoto yeyote anayejua kujumlisha atafika 15, na hapo mwalimu anaweza kuandika 3 × 5 bila kumtisha mtu. Sharti ni moja tu: mafungu yalingane. Fungu moja likiwa na nyanya nne, kuzidisha kumekufa na kujumlisha peke yake ndiko kunakobaki. Watoto wengi hawalitambui sharti hili mpaka uwapunguzie fungu moja mbele ya macho yao, nao wakalalamika.

Halafu kuna ile nyanya ya nyongeza. Mnunuzi akibembeleza, muuzaji humwongezea moja. Mafungu matatu na nyongeza moja ni 3 × 5 + 1, yaani nyanya 16. Sijaona mfano wa kitabuni unaozitenga alama hizi mbili vizuri kuliko huu. Alama ya + inaleta nyanya nyingine juu ya nyanya. Alama ya × haileti nyanya tatu. Ile 3 inahesabu mafungu.

Hapa ndipo pagumu, na ndipo tunapopita haraka mno. Katika 5 + 3 namba zote mbili ni za kitu kimoja: nyanya tano, nyanya tatu, nyanya nane. Katika 3 × 5 kila namba ina kazi yake. Moja inasema kila fungu lina ngapi, nyingine inasema mafungu ni mangapi. Mtoto aliyezoea kujumlisha kwa miaka miwili hajawahi kudaiwa kitu kama hicho, na yule aliyeweka vifuniko sita huku na vinne kule alikuwa anaendelea tu na mazoea yake.

Terezinha Nunes, Mbrazili aliyefundisha Oxford, na mwenzake Peter Bryant walilishughulikia jambo hili katika kitabu chao cha mwaka 1996 kuhusu watoto na hisabati. Hoja yao ni kwamba mzizi wa kuzidisha ni kulinganisha kimoja na vingi: kila gari na magurudumu yake, kila meza na miguu yake. Kujumlisha kunakuja baadaye, kama njia ya kupata jibu. Mwaka 2001 Nunes na Jee-Hyun Park walichapisha jaribio walilolifanya na watoto wa shule. Kundi moja lilifundishwa kuzidisha kwa kurudia kujumlisha, jingine kwa ulinganishaji huo. Kundi la pili ndilo lililoendelea zaidi katika maswali ya kuzidisha.

Kwetu ulinganishaji huo umeegeshwa stendi. Bodaboda moja ina magurudumu mawili, tuktuk moja matatu. Mwambie mtoto achore tuktuk tano, kisha muulize magurudumu ni mangapi. Atakapokuwa anachora matatu chini ya kila moja, mkono wake unafanya kuzidisha hata kabla hajaisikia alama yake. Akimaliza ndipo ajumlishe: tatu, sita, tisa, kumi na mbili, kumi na tano. Mpangilio huu ndio ninaoutetea: picha ya kimoja kwa vingi itangulie, kujumlisha kufuate, alama ije mwisho.

Picha ya pili inayofaa ni ya mistari. Trei ya kawaida ya mayai ina mistari mitano ya mayai sita sita. Mtoto akijumlisha 6 + 6 + 6 + 6 + 6 anapata 30. Geuza trei, sasa ni mistari sita ya mayai matano: 5 + 5 + 5 + 5 + 5 + 5. Ukiyaandika majumlisho hayo mawili ubaoni, hakuna kinachoonyesha kwamba lazima yalingane, na mtoto anakubali tu kwa sababu mwalimu amesema. Mbele ya trei hana haja ya kuambiwa. Hakuna yai lililoongezwa wala kuondolewa, ni yeye aliyehamia upande mwingine. Kreti ya soda ya chupa 24 inafanya kazi hiyohiyo, nne kwa sita. Na katika eneo hili, kuanzia Bungoma hadi Kitale, mtoto anaweza kusimama kwenye kona ya shamba la mahindi: mistari 8 yenye mashimo 20 kila mmoja, au akitazama kwa ubavu, mistari 20 yenye mashimo 8. Mashimo ni 160, utazame utakavyo.

Trei pia inatuondolea ugomvi wa "tatu mara nne". Je, ni tatu ichukuliwe mara nne, au ni mafungu matatu ya nne? Masikio ya Kiswahili yanaelekea kwenye ile ya kwanza, ilhali vitabu vingi husoma 3 × 4 kama ile ya pili. Nimeona alama zikikatwa kwa sababu hiyo, na naona ni kumwonea mtoto. Mwalimu achague usomaji mmoja na ashikamane nao wakati wa kuanza, ili watoto wasichanganyikiwe, lakini anayeweza kueleza alichokipanga asipewe mkasi mwekundu.

Sasa tuje kwenye jedwali, maana wazazi huniuliza kama mbinu hizi zote hazimaanishi kwamba kukariri kumefutwa. Hakujafutwa. Ila mzigo wenyewe ni mdogo kuliko unavyoonekana ukutani. Jedwali la 10 × 10, ambalo mtoto wa Gredi ya 3 anatarajiwa kulimaliza, lina majibu 100. Kwa kuwa trei inaweza kugeuzwa, yanabaki 55. Ondoa ya moja, mbili, tano na kumi, ambayo watoto huyapata kwa kuhesabu kwa kuruka, yanabaki 21. Ya tisa ni ya kumi ukipunguza fungu moja: 9 × 7 ni 70 kutoa 7, yaani 63. Yanabaki 15. Ya nne ni kurudufu mara mbili, yanabaki 10. Ya tatu ni ya mbili ukiongeza fungu moja, yanabaki sita tu: 6 × 6, 6 × 7, 6 × 8, 7 × 7, 7 × 8 na 8 × 8. Haya sita mtoto na akariri, tena kwa wimbo akipenda.

Angalia kwamba kila hatua ya kupunguza mzigo ilitumia kujumlisha au kutoa, lakini kwa mafungu mazima mazima. Huo ndio uhusiano wenye faida kati ya kuzidisha na kujumlisha, kuliko ule wa kujumlisha moja moja hadi mwisho. Watafiti wa Brazili walioandika mwaka 1985 kuhusu watoto wachuuzi wa mji wa Recife walikutana na mvulana wa miaka 12 aliyekuwa akiuza nazi, kila moja cruzeiro 35. Wakamwuliza bei ya nazi 10. Shuleni angefundishwa kuongeza sifuri. Yeye alianza na bei ya nazi tatu aliyokuwa ameizoea, 105, akaongeza tatu nyingine akapata 210, akaongeza tatu tena, 315, kisha moja iliyobaki, 350. Njia ni ndefu, lakini hakuna hatua hata moja ambayo hakuielewa. Anayekokotoa 7 × 8 kwa 5 × 8 na 2 × 8, akapata 40 na 16, anafanya kitu kilekile.

Wapo wanaosema tusiutaje kabisa ujumlishaji. Mwezi Juni 2008 Keith Devlin, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliwasihi walimu katika safu yake ya kila mwezi waache kuwaambia watoto kwamba kuzidisha ni kujumlisha kunakorudiwa, na mabishano yakawaka. Hoja yake ina uzito. Mahindi huuzwa kwa gorogoro ya kilo mbili. Gunia la kilo 90 linatoa gorogoro 45, na hapo kurudia kunatosha. Lakini mtu akinunua nusu gorogoro, ½ × 2, utazirudia kilo mbili mara ngapi? Shamba lenye upana wa robo kilomita na urefu wa nusu kilomita utalijumlisha vipi? Mtoto aliyemezeshwa kwamba kuzidisha ni kujumlisha tena na tena hujifunza pia, bila kuambiwa, kwamba kuzidisha lazima kuongeze. Miaka michache baadaye anapata ½ × 8 = 4, na anafuta jibu sahihi kwa kudhani amekosea.

Hata hivyo sidhani Devlin angekaa siku nzima na watoto wa miaka saba akaepuka kujumlisha. Euclid mwenyewe, katika kitabu cha 7 cha Elementi, anaeleza kuzidisha kwa namba nzima kwa kutumia kujumlisha. Kinachohitaji kubadilika ni sentensi ya mwalimu. Badala ya "kuzidisha ni kujumlisha", aseme "jibu la kuzidisha tunaweza kulipata kwa kujumlisha". Tofauti hiyo inamwachia mtoto nafasi ya kukutana na nusu gorogoro bila kulazimika kubomoa alichojengewa.

Sifuri nayo ipewe dakika zake. Sahani nne zisizo na andazi hata moja ni 4 × 0, na watoto hucheka. Mafungu sifuri ya nyanya tano ni swali gumu zaidi, kwa sababu hakuna cha kuanza kujumlisha. Hapo mwulize mtoto amelipia mafungu mangapi.

Madarasa yetu yamejaa tangu elimu ya msingi ilipotolewa bila malipo mwaka 2003, na mwalimu hawezi kukagua vifuniko vya kila mtoto. Lipo swali moja linaloweza kufanya kazi hiyo kwa haraka. Andika ubaoni kwamba mafungu sita ya saba ni 42, usifute, kisha uliza mafungu saba ya saba ni ngapi, bila kuanza kuhesabu upya. Atakayesema 49 ameongeza fungu zima. Atakayesema 48 anajua kuna fungu linaloongezwa, ila amechanganya idadi ya mafungu na kilichomo ndani yake. Tuktuk na magurudumu yake yatamsaidia. Atakayesema 43 bado anajumlisha moja moja, na huyo arudi kwenye trei.