Goti la bandia: la nusu au zima?

Gegedu la goti likilika, na dawa na mazoezi yasisaidie tena, tiba inayobaki ni goti la bandia. Hapa nchini upasuaji huo hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI).

Goti la nusu hufunika upande mmoja uliolika. Zima hufunika pande zote. Lipi hudumu zaidi? Utafiti wa mwaka 2019 katika jarida la Lancet, kwa kumbukumbu za Australia na Finland, ulikadiria kuwa kati ya magoti mazima 100, 82 hufikisha miaka 25 bila kubadilishwa. Ya nusu ni 70. La nusu huweza kulegea, au upande uliobaki nao ukalika.

Lakini la nusu lina faida: mfupa hukatwa kidogo, kupona ni haraka, na likichoka huwekwa zima.

Basi wewe mkulima wa mpunga hapa Igawa, muulize daktari: je, ni upande mmoja tu uliolika? Kano ni nzima? Kwa umri wangu, nitarudi tena kupasuliwa? Na kama kusujudu kunakuumiza, swali ukiwa umeketi, ruhusa ipo.