Bulbuli wa Muscat, shorewanda wa Mombasa

Mjukuu wangu anasoma Columbus, Marekani, anakaa University District. Juzi alinipigia simu: "Babu, leo nimemuona bulbuli, mwekundu kifuani!"

"La, mwanangu," nikamwambia. "Huyo robini. Bulbuli wetu hapa Muscat ana wekundu chini ya mkia."

Lakini sikumcheka. Mwaka 1766 Linnaeus, bingwa wa kuwapa viumbe majina, aliwatia wote wawili kwenye jenasi moja, Turdus. Tena bulbuli akamwita cafer, kana kwamba katoka kusini mwa Afrika, kumbe kwao Bara Hindi! Baadaye bulbuli wakapewa familia yao, Pycnonotidae, yenye spishi zaidi ya 150. Ila cafer limebaki mpaka leo, maana kanuni ni kuheshimu jina la kwanza.

"Ni ndugu yake shorewanda wa kwetu Mombasa," nikaendelea. "Jenasi moja, Pycnonotus. Yeye chini ya mkia ni manjano."

"Babu, shorewanda ndiyo nini?"

Nikanyamaza. Miaka thelathini nimesomesha biolojia watoto wa watu, na wangu hajui ndege aliyekuwa akila mapapai ya bibi yake.

Wazee wenzangu, wajukuu zenu wanamjua shorewanda?