Roboti Aliyejificha Kwenye Redio Kaseti: Jinsi ya Kukipima Kichezeo Kinachojigeuza

Hebu fikiria uko kwenye duka la vichezeo huko Marekani, mwaka 1984. Kwenye rafu kuna kitu cha buluu, kinachoenea mkononi, chenye kidirisha na vitufe. Ukikitupia jicho tu utasema ni redio kaseti ndogo, zile za kurekodia mahojiano. Unabonyeza kitufe, mlango unafunguka, kaseti inatoka. Unaikunjua kaseti: kumbe ni ndege. Unakikunjua kifaa chenyewe: kina miguu, mikono na kichwa. Huyo ni Soundwave, mmoja wa roboti maarufu wa Transformers.

Zaidi ya miaka 40 imepita na vichezeo vya namna hii bado vipo: roboti ndani ya simu, ndani ya kamera, ndani ya saa ya mkononi. Vya kuiga navyo vimejaa sokoni, kwa bei ya kuvutia. Sasa mtoto amekuganda mguuni, muuzaji anakusubiri, na wewe una dakika tano za kuamua. Utajuaje kama unanunua kitu cha kudumu, au takataka ya wiki mbili, au hatari?

Wengi wetu tunakipima kwa macho: kifaa kinapendeza? Roboti anapendeza? Leo nataka nikushawishi kwamba kazi kubwa haiko kwenye umbo la kwanza wala la mwisho. Iko katikati, kwenye ile safari ya kutoka moja hadi jingine. Hapo ndipo uhandisi unapoonekana, na hapo ndipo kinapovunjikia.

Katuni inadanganya, kichezeo hakiwezi

Kwenye katuni, Soundwave ni jitu la chuma. Akijikunja, anatua kwenye kiganja cha mtu kama redio kaseti ya kawaida. Masi yote ile imekwenda wapi? Fizikia ya sekondari inagoma.

Sababu ni ya kihistoria. Kichezeo hiki kilizaliwa Japani, kwenye kampuni ya Takara, mwaka 1983, katika mfululizo ulioitwa Micro Change. Wazo lake lilikuwa kwamba vitu vya kawaida, kwa saizi yao halisi, vinaficha roboti wadogo. Takara hao hao walikuwa na mfululizo mwingine, Diaclone, wenye magari yaliyopunguzwa saizi. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ikavichukua vya pande zote mbili na kuviuza chini ya jina moja, Transformers. Ndiyo maana lori na redio kaseti wakawa ndugu wanaolingana urefu, na waandishi wa katuni wakalazimika kufumba macho.

Kichezeo chenyewe hakina ujanja huo. Gramu zilizoko kwenye kifaa ndizo hizo hizo zilizoko kwenye roboti. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mbunifu ni hili: kila kipande kimekwenda wapi?

Soundwave anajibu vizuri. Mlango wa kaseti unakuwa kifua. Silaha zake zinageuka kuwa betri na kuingia kwenye nafasi ya betri. Yaani hata bunduki imejificha ndani ya kujificha. Kwenye kichezeo kibaya utaona kinyume chake: vipande visivyo na kazi vinaning'inia tu, na roboti anaonekana kama mtu aliyebeba mlango mgongoni.

Kaseti zake ndizo zenye mtihani mgumu zaidi. Mikrokaseti, iliyoletwa na kampuni ya Olympus mwaka 1969, ina takriban milimita 50 kwa 33 kwa 8. Zidisha: sentimita za ujazo 13 hivi, karibu nusu ya boksi la kiberiti. Humo anatakiwa akae ndege mzima na mabawa yake. Hapo hata Takara walizidiwa kidogo, maana silaha za ndege huyo zinachomekwa kwa nje, na akirudi kuwa kaseti hazina pa kuingia. Kumbuka hizo silaha, tutazirudia.

Mtihani wa kwanza: kinajificha kweli?

Kiweke mezani kati ya vitu vingine, kisha mwite mtu apite. Akikiona mara moja, kimefeli. Saizi iwe ya kweli, mistari ya maungio isipige kelele, na angalau kitu kimoja kifanye kazi kama kwenye kifaa halisi. Soundwave wa 1984 hakupiga muziki wowote, lakini kitufe kilifungua mlango na kaseti ikatoka. Kitendo hicho kimoja kilitosha kuudanganya ubongo.

Ila kuna jambo moja ambalo watu husahau: kujificha kunamtegemea pia anayetazama. Mpe Soundwave mtoto wa miaka minane leo, atakuuliza, "Hii ni nini?" Kifaa kikishatoweka majumbani, maficho nayo yamekwisha. Waliotengeneza walilijua hilo, na mwaka 2007 Takara Tomy walitoa Soundwave aliyekuwa kicheza MP3, na kilipiga muziki kweli.

Upande wa pili, kuna kujificha kupita kiasi. Megatron wa 1984 aligeuka kuwa bastola ya Walther P38. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Marekani ikaweka sheria kwamba bunduki za kuchezea ziwe na alama, kwa mfano kizibo cha rangi ya chungwa mdomoni, ili zisichanganywe na za kweli. Kichezeo kinachofaulu mno kumdanganya askari hakijafaulu.

Mtihani wa pili: anasimama?

Huu unaweza kuufanya kwa kitabu tu. Msimamishe roboti juu ya jalada, kisha inua upande mmoja polepole hadi aanguke. Kitu huanguka pale mstari wa wima kutoka kwenye kitovu cha uzito unapotoka nje ya nyayo. Kama kitovu hicho kiko sentimita 10 juu, na nyayo zinaenea sentimita 3 upande anaoangukia, ataanguka kwenye nyuzi 17 hivi. Nyayo zikiwa na sentimita 1 tu upande huo, nyuzi 6 zinamtosha. Meza iliyopinda kidogo inatosha kumlaza.

Roboti wa redio kaseti mara nyingi ana bahati, kwa sababu kifaa chenyewe ni boksi, na boksi linatoa miguu minene. Anayetoka kwenye simu nyembamba anapata taabu: miguu yake ni kama vipande viwili vya biskuti. Akiwa na mzigo mgongoni ndiyo basi tena.

Mtihani wa tatu: safari ya katikati

Sasa tufike kwenye kiini. Kigeuze mara tano, nenda na rudi, huku ukihisi kwa vidole.

Kila kiungo kinashikiliwa na msuguano. Mkono ulionyooka mbele na kushika silaha ya gramu 20, sentimita 8 kutoka begani, unalidai bega momenti ya karibu 0.016 Nm. Ni kidogo, lakini kila ukigeuza, plastiki inasuguana na plastiki na kulika. Msuguano ukishuka chini ya deni hilo, mkono unaporomoka wenyewe. Ndiyo maana viungo vizito kwenye vichezeo vizuri vina meno ndani. Utasikia "kru, kru" unapozungusha. Meno hayategemei msuguano peke yake.

Halafu tazama rangi. Vingi vya vichezeo hivi ni vya plastiki ya ABS, ngumu na yenye kung'aa. Ukiikunja kupita kiasi, inapata mstari mweupe pale ilipokunjwa. Hiyo siyo rangi iliyochubuka. Ndani ya plastiki vimetokea vitundu vidogo sana, na vitundu hivyo vinatawanya mwanga, kama povu la maji linavyoonekana jeupe ingawa maji hayana rangi. Weupe huo ni barua ya onyo: hapa ndipo patakatika. Ukiuona kwenye kichezeo kipya baada ya kugeuza mara tano, kirudishe.

Na feki je? Plastiki iliyoyeyushwa hunywea inapopoa. Kwa ABS ni kama nusu asilimia. Mtengenezaji halali hufidia hilo anapochonga kalibu. Lakini anayenakili, akichukua kichezeo kilichokamilika na kukitengenezea kalibu moja kwa moja, nakala yake inanywea tena. Kipande cha milimita 100 kinatoka na 99.5 hivi. Ile venia kalipa uliyoitumia maabara ya shule inaliona hilo bila shida. Jicho halioni, ila viungo vinaona: matundu yamepungua, pini za chuma ziko vile vile, kwa hiyo kiungo kinabana, mtoto analazimisha, na huo mstari mweupe unaanza.

Mtihani wa nne: mtoto mwenyewe

Mitihani mitatu iliyopita ikifeli, umepoteza hela. Huu ukifeli, unaweza kupoteza zaidi.

Wapimaji wa usalama wana kijisilinda chenye kipenyo cha milimita 31.7, kinachokadiria koo la mtoto mdogo. Kitu chochote kinachoingia chote humo, bila kukandamizwa, hakiruhusiwi kwenye vichezeo vya watoto wa chini ya miaka mitatu. Tuijaribu ile kaseti kwa hesabu: ina upana wa milimita 33, kwa hiyo ikiwa imekunjwa haiingii. Lakini zile silaha za kuchomeka? Zinaingia bila hodi. Unaona sasa? Kichezeo kinachojigeuza lazima kipimwe katika kila umbo lake, pamoja na kila kinachochomoka. Na hata kama mtoto wako ana miaka tisa, kuna mdogo wake anayetambaa sakafuni.

Cha mwisho ndicho ninachokuomba usikipuuze. Vichezeo vinavyoiga vifaa hupenda kuwaka taa na kutoa sauti, na wengi wao hutumia betri za kitufe, zile bapa kama sarafu. Betri hiyo ikikwama kwenye umio wa mtoto, umeme unapita kwenye majimaji ya mwili na kutengeneza kemikali kali inayochoma nyama. Haihitaji kupasuka wala kuvuja. Majeraha makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Kwa hiyo geuza kichezeo, tafuta kifuniko cha betri. Kama kinafunguka kwa ukucha, bila bisibisi, usinunue, hata kiwe kizuri namna gani. Na ukihisi tu kwamba mtoto amemeza betri, usisubiri aitoe chooni wala usimtapishe. Kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Basi, Soundwave anapata ngapi?

Kwa maoni yangu, kama kazi ya uhandisi anafaulu kwa alama za juu: anajificha, anasimama, na karibu kila kipande kina kazi mbili. Anapoteza alama kwenye silaha zile ndogo, na kwa jambo ambalo si kosa lake, kwamba redio kaseti imetoweka mezani.

Wewe ukiwa dukani, fuata mpangilio huu ila anza na wa mwisho: kifuniko cha betri kwanza, vipande vidogo, kisha kigeuze mara tano, msimamishe kwenye kitabu. Umbo la nje liwe la mwisho. Kisha ukifika nyumbani, kabla hujampa mtoto, mwulize swali lile lile: "Mkono huu, kabla haujawa mkono, ulikuwa nini?" Akianza kukigeuza polepole ili akujibu, somo la uhandisi limeshaanza.