Chembe Zinazojifumua: Damu na Mionzi ya Tezi Dume

Msomaji wetu wa Tanga anauliza: mjomba wake na jirani yao walipigwa mionzi ya saratani ya tezi dume kwa dozi ileile. Jirani yu mzima. Mjomba, mwaka mmoja baadaye, anatoka damu akienda haja kubwa. Sasa baba yake naye anakaribia kuanza. Je, damu haiwezi kupimwa mapema ikatuambia nani ataumia?

Kipo kipimo kinachojaribu, na namna kinavyofanya kazi inanisisimua mno. Kimeendelezwa Montpellier, Ufaransa, na kundi la Daktari David Azria. Damu kidogo huchukuliwa kabla ya matibabu, hupigwa mionzi ya grei 8 maabara, yaani mara nne ya dozi ya kawaida ya siku moja, kisha huachwa saa 48 katika joto la mwili. Baada ya hapo mashine huzipitisha limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za damu, moja moja mbele ya leza na kuhesabu zilizokufa. Ungedhani ambaye limfosaiti zake zimekufa kwa wingi ndiye atakayeumia. La hasha! Ni kinyume chake: zikifa nyingi, madhara ya baadaye huwa machache.

Kufa kwenyewe kuna namna yake. Wengine hukuita kujiua kwa seli. Mimi nasema kujifumua, maana seli haijimalizi kwa pupa, hujifungua kipande kwa kipande kwa utaratibu. Fikiria jahazi lililopasuka mkuku. Nahodha mwenye busara hulipandisha ufukoni, hushusha tanga, hung'oa misumari, hupanga mbao mafungu mafungu, kisha hutweka bendera ili watu wa pwani waje wachukue. Ndivyo seli inavyofanya: huikata DNA yake vipande, hujigawa katika vifuko vidogo vilivyofungwa, na mafuta fulani yanayokaa upande wa ndani wa utando wake huyageuzia nje. Hiyo ndiyo bendera. Makrofaji, seli za kinga zinazosafisha mabaki, wakiiona huja kula, wala uvimbe hautokei. Nahodha mkaidi huziba ufa kwa matambara na kurudi baharini. Siku jahazi linapozama, shehena na mafuta vinatapakaa bandari nzima. Watafiti wanadhani mwili ambao seli zake hazijifumui upesi hubaki na uvimbe wa muda mrefu, na uvimbe huo ndio unaozaa makovu kwenye puru na kibofu.

Huko Barcelona, wagonjwa 214 wa tezi dume walipimwa hivyo, na uhusiano na madhara sugu ukaonekana. Ufaransa, wanawake 502 wenye saratani ya matiti waliandikishwa, na kwao pia zilipokufa limfosaiti nyingi, ugumu wa titi ulipungua. Maabara tofauti bado hazitoi majibu yanayolingana vya kutosha, kwa hiyo kipimo hiki si cha kawaida kliniki.

Baba, basi, amweleze daktari wake yote: kama ana kisukari, kama aliwahi kuugua uvimbe wa utumbo au kupasuliwa tumbo, kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Na kila siku ya mionzi aingie chumbani kibofu kikiwa kimejaa kama alivyoelekezwa, maana kibofu kilichojaa huusukuma utumbo mwembamba mbali na miale.