Utelezi wa Mto Chania na Vita vya Majina

Anayevuka Mto Chania mjini Nyeri kwa miguu anajua kwamba jiwe la kahawia ndilo la kuogopwa. Sehemu kubwa ya utelezi ule ni diatomu, mwani wa seli moja usioonekana kwa macho. Kila diatomu hujijengea ganda la silika, malighafi ya kioo, lenye nusu mbili zinazofunikana kama kibweta na kifuniko chake.

Ili kuzitambua, mtaalamu husugua jiwe kwa mswaki, huchemsha kilichotoka katika peroksidi ya haidrojeni mpaka yabaki maganda matupu, kisha huyatazama kwa hadubini inayokuza mara 1,000. Hupima urefu na upana, huhesabu mistari iliyomo katika kila maikromita 10, na hutafuta ufa ambao baadhi ya diatomu huutumia kujikokota juu ya jiwe.

Lakini umbo hudanganya. Seli inapogawanyika, kila seli mpya hurithi nusu moja ya ganda na kuunda nyingine kwa ndani. Iliyorithi nusu ndogo huwa ndogo kuliko mzazi. Hivyo ukoo hupungua kimo, na mara nyingine hubadilika sura, hadi uzazi wa kijinsia urudishe ukubwa wa awali. Ya kwanza na ya mwisho zikiwekwa pamoja chini ya lenzi, utaapa si za ukoo mmoja.

Ndiyo maana ngazi ya aina, iliyo chini ya spishi, haiishi ubishi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Otto Müller alizipa majina diatomu za Ziwa Nyasa, ikiwemo Melosira nyassensis, na ile ya Ziwa Victoria akaitenga kuwa aina victoriae. Leo zimehamia jenasi Aulacoseira. Diatomu moja ndefu, nyembamba, iliyoenea mitoni, imehamahama zaidi: Bacillaria ulna ya mtaalamu Nitzsch mwaka 1817, kisha Synedra, kisha Fragilaria mwaka 1980, na tangu 2001 ni Ulnaria.

Ubishi huu una uzito nje ya maabara. Nitzschia palea hustahimili maji machafu. Ikizidi chini ya kiwanda cha kahawa au mtaro wa majitaka, ni dalili kwamba mto unaumwa. Ikichanganywa na ndugu yake apendaye maji safi, mto mzima utakuwa umesingiziwa.

Mlimani jambo ni hilohilo. Mwaka 2001 Philip Barker na wenzake walichapisha katika jarida la Science historia ya tabianchi ya miaka 14,000, waliyoisoma katika oksijeni ya maganda ya diatomu kutoka vijiziwa viwili vya Mlima Kenya, Simba Tarn na Small Hall Tarn. Katika tope la kale la vijiziwa kama hivyo, anayetafuta jina la diatomu hutegemea ganda tu.

Basi anayekusanya sampuli katika Mto Sagana au Naro Moru asiishie kuandika jina. Apige picha maganda makubwa kwa madogo, aandike vipimo, na ahifadhi kielelezo katika herbaria. Bila hivyo, atakayepima mto huo miaka 20 ijayo hatajua kama yaliyobadilika ni maji au ni majina tu.